Mkanda wa Siti ya Nyuma

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Maabela.
Jua limeshayapanda mabati ya magereji
na magari yamepangwa pua kwa pua,
bei zao zimeandikwa viooni kwa rangi ya viatu.

Nimekuja na sumaku ya friji,
ile inayoshikilia ratiba ya zamu zangu,
kitambaa cheupe, tochi ya simu,
na Biju fundi, aliyeniambia njiani:
"Dada, leo usipende kitu."

Nimeshapenda.
Jeupe, la mwaka wa kumi na saba, linanukia udi,
siti zimevikwa plastiki
kama makochi ya shangazi Thuwaiba
yanayomsubiri mgeni wa maana hadi leo.

Azzan anafungua boneti
kama mtu anayefunua kawa la halua.
"Lilikuwa la mwalimu," anasema.
"Nyumbani, skuli. Skuli, nyumbani."

Mimi kazi yangu kutoa watu damu,
kwa hiyo kijiti cha oili nakijua kukisoma:
nakifuta, nakizamisha, nakivuta taratibu.
Nyeusi kidogo. Si nzito. Haina povu.
Ingekuwa hospitalini ningesema, nenda, huna neno.

Sumaku inanasa kwenye boneti.
Inanasa mlango wa mbele.
Mlango wa nyuma inateleza,
inaangukia mchangani bila sauti.
"Uligongwa kidogo," anasema Azzan,
"nani hajagongwa, dada yangu?"
Nacheka. Kweli, nani?

Biju yuko chini, juu ya boksi lililokunjuliwa,
zinaonekana ndala zake tu.
Kwa muda mrefu hasemi. Halafu:
"Mkanda wa siti ya nyuma. Vuta.
Wote. Mpaka ukatae."

Navuta.
Unatoka mweusi, safi, unatoka, unatoka,
unafika urefu ambao hakuna tumbo lililowahi kuufikia,
na kule mwisho kabisa
mstari.
Rangi ya chai ya maziwa iliyokaukia kikombeni.
Naukwangua kwa ukucha: tope, laini kama poda.

Mstari huu naujua.
Uko Suwaiq, ukutani, sebuleni kwetu,
juu ya swichi ya taa, chini ya picha ya babu.
Baba kaupaka rangi mara tatu,
mara tatu umerudi.
Usiku ule maji hayakupiga hodi.
Yalipitia jikoni, yamebeba ndala za jirani
na mtungi wa gesi,
na gari letu likageuka uani polepole, lenyewe,
taa zake zikiwaka chini ya maji
mpaka alfajiri.

Wiki ya pili alikuja mtu na winchi.
Alitoa riyali mia na hamsini.
Hakuuliza kitu, hatukumwambia kitu.
Mama alizihesabu mara mbili,
akasema alhamdulillahi,
tukanunua magodoro.

Nauachia mkanda.
Unarudi kwa kusitasita, kama mtu aliyeitwa na polisi.
Azzan anaangalia simu yake. Mie naangalia viatu vyangu.
"Nitapunguza mia mbili," anasema.
Nilikuwa na hotuba nzima kooni,
kuhusu amana, kuhusu mbuzi ndani ya gunia.
Nimesema tu, "Hapana, ahsante,"
na sauti yangu imetoka ndogo kuliko nilivyotaka.

Biju kakataa pesa, kataka chai.
Nimeinama kuiokota sumaku:
imeota ndevu,
unga wa chuma wa miaka ya magereji
umesimama wima, mweusi.

Usiku nimempigia baba.
"Gari letu lile," nimesema, "unaikumbuka namba?"
Kanyamaza.
Nasikia feni ya sebuleni kwao, na televisheni.
"Ya nini?"
"Basi tu."

Ndevu zimegoma kutoka kwa kitambaa.
Nimeirudisha sumaku hivyo hivyo mlangoni mwa friji.
Kesho zamu ya asubuhi.
Teksi ya saa kumi na mbili na nusu.